Bibi Anayeuliza Uko Wapi

Mvua za kwanza za vuli zilikwisha kugonga mabati ya Kanazi, na majembe ya ukoo wa Mzee Thobias yalikuwa bado yamelala ndani. Mbegu za maharage zilikuwa vyunguni, zimechaguliwa na kuchanganywa na majivu, lakini hakuna aliyethubutu kufukia hata punje moja. Katika ukoo ule kulikuwa na sheria iliyozidi umri wa kanisa la kigango: mtu akipotea, isijulikane kama yu hai au amekufa, ardhi ya ndugu wote hufungwa. Mbegu hufukiwa, na maiti hufukiwa. Haifai ardhi ipokee mbegu huku maiti haijulikani iliko. Ama mtu arudi, ama azikwe. Mwili ukikosekana, hukatwa shina la mgomba mchanga, likavishwa shuka, mtu akaitwa kwa jina lake kuelekea upande alikokwenda. Na pasipokuwa na sauti ya kuitikia, shina hushushwa kaburini, na baada ya matanga majembe hutoka.

Aliyepotea alikuwa mume wa Auleria.

Jina lake Fideli Hakizimana, Mrundi aliyeingia Ngara akiwa kijana katika wimbi la wakimbizi la miaka ya tisini. Alikaa kambini Lukole, akaoa Kanazi, akapewa na baba mkwe wake kipande cha shamba. Kambi ilipofungwa, mama yake, Kanyange, alirudi kwao Giteranyi, ng'ambo ya mpaka. Yeye akabaki na mkewe, binti yake na migomba yake. Kisha ukaja mwaka wa 2015, Warundi wakaanza kuvuka tena, na mwezi wa Juni akasema anakwenda kumchukua mama yake. Alivaa koti, akatia simu mfukoni, akaondoka kama mtu aendaye gulioni.

Mama alifika. Mwana hakufika. Auleria alimkuta Kanyange barabarani, miongoni mwa watu waliokuwa wakingoja mabasi ya kuwapeleka makambini Kigoma, ameketi juu ya furushi, miguu imevimba. Akamwuliza mwanawe yuko wapi.

"Yuko nyuma yangu," alisema mama mkwe.

Hakusema lingine siku hiyo, wala mwezi ule. Auleria alimtoa katika foleni akamleta nyumbani bila ya kuandikishwa popote, na kwa sababu hiyo akamweka chumba cha nyuma, awe anatoka tu kuota jua uani. Majirani walijua kwamba yupo. Wachache mno waliwahi kuuona uso wake.

Naye Auleria hakulia. Watu walingoja alie, kwa kuwa kilio cha mke nacho ni habari. Lakini yeye aliteka maji, akakata majani ya mbuzi, akaimba kanisani sauti ya pili kama kawaida yake. Siku moja alishika sufuria iliyokuwa motoni bila ya kitambaa, na kilichomwambia kwamba anaungua ni harufu. Aliutazama mkono ule kama mtu atazamavyo mkono wa jirani katika benchi la kanisa. Ndani yake palikuwa kama nyumba iliyohamwa: hapakuwa na fujo wala uchafu, na vitu havikuwapo.

Jumapili moja, baada ya sala, Mzee Thobias aliwaita ndugu barazani kwake. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Auleria, mzee wa kanisa, mtu aliyekaa wima hata kwenye kigoda.

"Auleria mwanangu," alisema, "mvua haimngoji mtu. Wadogo zako hawa wana watoto. Tufanyeje?"

"Tumzike, Baba Mkubwa."

"Kwa ushahidi wa nani? Nani aliyemwona amelala? Mimi siziki mtu kwa kukisia. Tukimzika naye yu hai, tumemfungia njia. Akirudi hatapita mlangoni. Itatulazimu tumtobolee ukuta kama mwizi. Nilimwona mtu wa namna hiyo Murukulazo nikiwa kijana. Alitobolewa ukuta, akaingia, akapewa chakula. Mwaka haukuisha."

"Mama yake anasema yuko nyuma."

"Nyuma!" alidakia Speciosa, shangazi yake Auleria, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Tangu Juni mtu yuko nyuma? Hata kinyonga mwenye mimba angekwisha fika!"

Vijana waliokuwa ukutani walicheka, kisha wakajiziba midomo. Mzee Thobias hakucheka.

"Niletee mtu aliyemwona," alisema. "Mmoja tu. Jicho moja linatosha. Bila ya hivyo hatuziki, na tusipozika hatupandi."

Jioni ile Auleria alikuwa akimenya ndizi pamoja na binti yake. Joan alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa na tabia ya kuanza maneno katikati.

"Mama, labda ni ile video."

"Video gani?"

"Ya Bibi. Shuleni wote wanaijua. Haina jina, ina tarakimu tu. Inaingia katika simu yenyewe. Ukiifuta leo, kesho unaikuta. Kuna watu wanatembea njiani, wamebeba mizigo, wamekupa mgongo. Sasa kama una mtu wako aliyekufa na hana kaburi, unamwona katikati yao. Clotilda amemwona kaka yake."

"Kaka yake Clotilda si alizama mto Ruvubu?"

"Ndiye huyo huyo. Amemtambua kwa shati."

"Wewe umeitazama?"

"Mimi? Kidogo tu, nikafumba macho. Maana mwisho wake, Mama, ndipo anapotokea Bibi. Anainama mpaka uso wake unajaa kioo chote, halafu anakuuliza, 'Uko wapi?' Ukijibu, hata kimoyomoyo, anakuja. Bodaboda mmoja wa Kabanga alimjibu kwa mzaha. Akasema, 'Niko stendi, njoo.' Hakumaliza wiki."

"Alikufa?"

"Alivunjika mguu."

"Basi Bibi aliishia nusu ya njia," alisema Auleria, na yeye mwenyewe hakujua kama ametania.

Joan alimtazama mama yake kwa wasiwasi, akarudi kwenye ndizi zake. Auleria hakuogopa. Aliligeuza jambo lile kichwani kama mtu anayepima uzito wa jiwe kabla ya kulijengea: alikuwa ameombwa jicho, na hapa palikuwa na watu waliosema wameona.

Siku ya gulio alikwenda Nyamiaga kwa Kazimili. Huyu alikuwa na kibanda cha kuchajisha simu, chenye nyaya zinazoning'inia kama mizizi ya mgomba uliong'olewa, na kazi yake nyingine ilikuwa kuwawekea vijana nyimbo na filamu katika memori kadi.

"Shikamoo, Mama Joan."

"Marahaba, Kazimili. Hujambo?"

"Sijambo. Lete simu, nafasi ipo."

"Sina simu. Nimekuja kuona video ya Bibi."

Kazimili alicheka, akangoja naye acheke, akaacha. "Mama Joan! Wewe ni mtu wa Jumuiya, wewe ndiwe unayetuongozea rozari. Hiyo si kitu chako."

"Unayo au huna?"

"Nani hana? Wanasema ilitoka katika simu moja ya wakimbizi, ilibadilishwa pale barabarani kwa blanketi. Aliyeipata akaikuta humo, akamrushia mwenzake, mwenzake akamrushia mwingine. Imekwisha fika Biharamulo. Na kule hawana mchezo, mama yangu. Kule vijana wameikata ile sura ya Bibi peke yake, wanaitumiana. Wanasema huyu si jini, ni mtu, ni mchawi wa kweli, anaishi mahali fulani katika wilaya hizi mbili, na wakimpata hawatamwuliza kitu."

"Umeiona hiyo sura?"

"Nisamehe. Nina mama mgonjwa nyumbani. Mimi nikifika pale watu wanapokata kona, nazima."

Alimwekea simu juu ya meza, akamwonyesha mahali pa kubonyeza, kisha akatoka akasimama nje akiwa ameupa mgongo mlango wa kibanda chake mwenyewe. "Ukimaliza gonga meza," alisema. "Na usinisimulie."

Auleria alibonyeza.

Ilikuwa alfajiri yenye ukungu. Njia nyembamba iliteremka bondeni kati ya majani marefu, na watu walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, wamebeba magodoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Migongo. Upepo ulivuma ndani ya simu hata usisikie kitu kingine. Auleria alitafuta koti. Aliona makoti mengi, na kila mwanamume aliyetembea alitembea kama mume wake, na hakuna aliyetembea kama yeye. Akagundua, bila ya kushtuka, kwamba amekwisha sahau mwendo wake. Watu wakakata kona. Yule aliyekuwa mbele kabisa ya macho ya simu alikuwa mwanamke mzee mwenye furushi kichwani, naye alichechemea.

Hapo upepo ukatulia, na mtu aliyeishika simu akasema.

"Mama, geuka huku nikupige picha. Mama Joan asije akadai nimemletea mtu mwingine."

Alisema Kirundi, polepole, kwa ile sauti yake ya kucheka kabla ya mzaha wenyewe kufika. Watu wote waliwatafuta wafu wao katika ile safu, na hakuna aliyemtafuta mwenye kuipiga picha.

"Acha upuuzi, twende," alijibu yule mzee asigeuke.

Kikasikika kishindo kimoja, kikavu, kama tawi linapovunjwa gotini. Picha ikapinduka. Yakaonekana majani. Majani na kipande cha mbingu, na miguu iliyopita mbio, miguu mingi, kisha hakuna miguu. Majani yale yaliendelea kwa muda mrefu. Yalitikisika kidogo, yakaacha. Auleria aliyatazama yote. Ndipo picha ikainuliwa, na uso wa mzee ukaja karibu, karibu zaidi, mpaka ukajaza kioo: macho mekundu yasiyo na kope, mdomo wazi, meno machache. Ule uso ulitafuta huku na huku ndani ya kioo, kama mtu achunguliaye kisimani.

"Uko wapi?" aliuliza Kanyange. "Uko wapi?"

Video ikaisha. Auleria akagonga meza.

Kazimili aliingia, akaichukua simu kwa ncha za vidole. Hakuweza kujizuia. "Umemwona mtu wako?"

"Nimeona majani."

"Majani tu?"

"Majani mengi," alisema Auleria, akamshukuru, akatoka.

Njia ya kurudi Kanazi hupanda, na anayepanda hutazama chini. Alikwenda akiwaza kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio uliobaki. Alikuwa amepata jicho aliloagizwa, tena na sauti juu yake. Angeweza kumwita Kazimili, aiweke simu ile mbele ya Baba Mkubwa, na kesho yake mgomba ukakatwa. Lakini nyuma ya Baba Mkubwa wangesimama binamu zake, kila mmoja na simu yake, na Speciosa asiyejua kunong'ona. Kabla ya jua kutua watu wote wangejua kwamba Bibi wa video anakaa katika chumba cha nyuma kwa Auleria na kula maharage yake. Na kabla ya Jumapili zingekuja pikipiki kutoka mbali. Haikuwa siri, katika wilaya zile, nini huwapata vikongwe wenye macho mekundu. Moshi wa kuni huyafanya macho kuwa mekundu, na kila mpishi anajua hivyo; lakini watu wakishaogopa hawaulizi wapishi.

Na kama angenyamaza, ardhi ingebaki imefungwa, watoto wa wadogo zake wangekula nini, na mume wake angebaki majanini, si mtu wala marehemu.

Alimkuta Kanyange uani, ungo magotini, akichagua maharage ambayo yalikwisha chaguliwa mara nyingi. Auleria aliketi chini karibu naye.

"Mama, simu ya Baba Joan iko wapi?"

Vidole vilisimama.

"Nilimpa mwanamke mmoja pale barabarani," alisema Kanyange. "Akanipa blanketi. Kulikuwa na baridi, na ile simu haikunijibu."

"Ilikuwa ikujibu nini?"

Mzee alitazama ukuta. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika kitu. "Alikuwa akinitania. Nikamkataza. Nilipogeuka alikuwa amelala, na simu imelala pembeni yake. Wenzetu wote walikimbia. Nilimtikisa. Nikamfunika kwa kitenge changu. Halafu nikaiona simu ina mwanga, nikasema, alikuwa anasema humu, labda sauti yake imebaki humu. Nikaiokota nikamwita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema yuko nyuma yangu." Akaokota punje moja, akairudisha. "Kwetu, kinywa kilichompa mtoto jina hakitangazi kifo chake. Hutangaza mwingine. Nilikuwa nangoja mwingine afike, mkaza mwana wangu. Hakufika mtu."

Auleria alingoja hasira ije. Aliipa nafasi, alikaa kimya kabisa ili isimpite. Haikuja. Machozi nayo hayakuja. Alinyosha mkono, akatoa jiwe dogo katika ungo, akalitupa.

"Mama, tangu leo usitoke uani wakiwapo watu. Hata wa ukoo."

"Kwa sababu sikuandikishwa?"

"Ndiyo," alisema Auleria. "Kwa sababu hukuandikishwa."

Ulikuwa uongo, naye aliujua kuwa uongo, na hakutaka kuupa jina jingine.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Thobias. Speciosa alikuwa hapo, ameleta maziwa, na alipoona uso wa Auleria aliketi tena.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sema."

"Shahidi yupo. Ni mimi. Nimemwona."

Mzee Thobias aliweka kikombe chini. "Umemwona wapi?"

"Amelala majanini, bondeni, ng'ambo ya mpaka. Amefunikwa kitenge."

"Ulivuka lini wewe?"

"Baba Mkubwa, uliomba jicho. Hukuomba miguu."

Speciosa alifungua mdomo, akaufunga. Jambo ambalo si la kila siku. Mzee Thobias alimkazia Auleria macho. "Waweza kuapa mbele ya msalaba kwamba umemwona amekufa, wala si kwa ndoto, wala si kwa mganga?"

"Naweza. Kwa macho haya."

"Basi tutazika Jumamosi. Mwambie mama yake ajiandae. Yeye ndiye atakayemwita. Mama akiwa hai haiti mwingine."

"Mama hawezi kutoka."

"Atabebwa."

"Hatabebwa, Baba Mkubwa. Nitaita mimi."

"Wewe!" Speciosa alisimama na maziwa yake. "Mke amwite mume kwa jina? Mbele ya wakwe, mbele ya watoto? Ukimaliza hilo utavua na nguo, au unangoja Krismasi?"

Maana huko ndiko sheria ilikokaza zaidi. Tangu aolewe, jina la mume wake halikuwahi kupita katika midomo ya Auleria. Kabla ya Joan kuzaliwa alimwita "mwenye nyumba", na baada yake "Baba Joan". Hata akimtajia katekista mgeni majina ya familia, hilo alikuwa akimwachia jirani aseme. Mke amtajaye mume wake kwa jina humvua heshima mbele ya watu, na huyu angevuliwa akiwa kaburini, asikokuwa na mkono wa kujifunika.

"Watakuita mwanamke asiye na haya," alisema Mzee Thobias. "Watasema ulimchukia. Wengine watasema zaidi ya hayo. Na binti yako atayasikia kisimani."

"Najua."

"Huyu mama ana nini, Auleria?"

Mzee alitazama mlimani, kule ambako ukungu ulikuwa ukifunguka juu ya mashamba yasiyolimwa.

"Sitauliza mara ya pili," alisema. "Speciosa, nawe usiulize hata mara ya kwanza."

Jumamosi watu walijaa. Katekista alikuwa na taarifa ya mambo yale ya mgomba, na kwa hiyo siku hiyo alipata safari ya kigango kingine. Shina lililetwa na wadogo zake Auleria, jeupe, likitoa maji, likavishwa shuka na koti la zamani. Kijana mmoja aliinua simu yake apige picha. Mzee Thobias akamwambia, "Weka hicho kitu mfukoni, au kizikwe nacho," na wengine wote waliokuwa wameziinua wakazishusha.

Chumba cha Kanyange kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, hatua chache kutoka kaburini. Auleria alisimama akijua jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelijua: kwamba nyuma ya ukuta ule lilikuwako sikio, na kwamba kama mama yule, akisikia jina la mwanawe likiitwa kaburini, angeitikia kwa niaba yake, au angelia na kufungua mlango, basi maziko yangevunjika, na ule uso ungetoka katika mwanga wa mchana mbele ya simu za watu wote. Alikuwa amemwomba anyamaze. Ni ombi ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwomba mama mzazi.

"Elekea kwao," alisema Mzee Thobias.

Auleria aligeukia upande wa machweo. Mdomo wake ulikuwa mgumu, kama wa mtu aliyetoka kwa mganga wa meno.

"Hakizimana!"

Mnong'ono ulipita kwa wanawake kama upepo katika majani ya migomba. Mmoja alisema wazi, "Jamani, hana hata aibu." Joan aliinamisha kichwa. Hakuna aliyeitikia kutoka bondeni. Auleria aliusikiliza ukuta. Kimya.

"Fideli Hakizimana!"

Mbuzi alilia kwa jirani. Mtu akasonya. Ukuta haukusema kitu.

"Hakizimana, mume wangu!"

Hilo la mwisho halikuwa katika desturi, na Speciosa alijifunika uso kwa kanga. Walingoja. Ulingojwa muda unaotosha mtu kupanda kutoka bondeni akiwa amechoka. Kisha Mzee Thobias akasema, "Hayupo," na shina likashushwa.

Wakati watu wanatia udongo, Joan alimsogelea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, na sauti yake ilikuwa na ukali. "Mama, uliitazama, sivyo? Mpaka mwisho."

"Wape watu maji ya kunawa."

"Ulimwona Baba?"

"Nilimsikia," alisema Auleria. "Alikuwa anacheka. Nenda ukawape watu maji."

Aliingia ndani. Kanyange alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na pindo la kanga amelisokomeza kinywani lote kadiri lilivyoingia. Alikuwa ameliuma hata midomo imepasuka. Auleria alipiga magoti, akalitoa polepole, kipande kwa kipande, kama mtu amtoaye mtoto kitu alichokaribia kumeza.

"Wamemaliza?" aliuliza mzee.

"Wanafukia."

"Wamemlaza vizuri?"

"Wamemlaza vizuri, Mama. Ana koti."

Kanyange alitikisa kichwa kukubali. "Ulimwita kwa sauti kubwa," alisema. "Mimi nisingefika hapo."

Nje walikuwa wanamwita mjane aje kunyolewa kwanza, kama ilivyo haki yake na wajibu wake. Sauti ya Speciosa ilizidi zote. Auleria hakwenda. Alichukua wembe uliokuwa umewekwa tayari dirishani pamoja na bakuli la maji, akalowesha kichwa cha mama mkwe wake, akaanza kumnyoa, kwa kuwa mama naye alikuwa amefiwa, na hakukuwa na mwingine ambaye angeruhusiwa kuingia chumba kile. Nywele nyeupe zilianguka juu ya magoti yao wawili. Mzee alilia bila ya sauti, machozi yakichanganyika na maji. Auleria alimpangusa kwa kiganja na kuendelea.

Alipomaliza alikaa chini, akavua kitambaa chake cha kichwa, akamkabidhi Kanyange wembe, akageuka akampa mgongo. Alikisikia chuma baridi kikianzia kisogoni. Hakuhisi zaidi ya hapo. Mkono wa mzee ulitetemeka, na kila ulipotetemeka ulisimama, ukangoja kutulia, kisha ukaendelea.

"Nikikukata, sema," alisema Kanyange.

"Nitasema, Mama."